Mume Aliyetembea Msikitini Tu

Mimi niliitwa mchawi kwa sababu ya zulia. Nalisema mapema, asije mtu akadhani nazunguka ili nionewe huruma. Nimezaliwa Kibokoni, nimeolewa Kibokoni, na mtu aliyelelewa katika vichochoro vya Mji wa Kale hujua kwamba maneno humfikia nyumbani kabla mwenye kuyasema hajapiga hodi. Jina langu ni Nasiha. Mume wangu ni Muhdhar, na yeye ndiye ninayetaka kumweleza, maana watu wamekwisha kumweleza vyao na karibu wote wamekosea.

Muhdhar alikuwa mtu wa kutembea. Kazi yake ilikuwa ukarani katika bohari la majani ya chai kule Shimanzi. Kila asubuhi alitoka nyumbani kwa miguu, akapita Makadara, akakata Mwembe Tayari, akaingia katikati ya malori, na jioni akarudi vivyo hivyo. Ukimwambia kuna magari, alisema magari ni ya wenye haraka. Uongo mtupu. Yeye alikuwa na haraka kuliko magari. Siku za mwanzo za ndoa yetu tulipokwenda kuamkia wazee, nilimfuata nyuma buibui nimelikamata kwa mikono miwili, nikimwita, "Bwana we, ngoja, hukuoa punda!" Alisimama pembeni ya njia akicheka, tukaenda pamoja kidogo, kisha akasahau tena. Dada yake, wifi yangu Mwanabaraka, alipenda kusema kwamba Muhdhar alitembea kabla ya kutambaa.

Ugonjwa haukuja kwa kishindo. Niliuona kwanza kwenye ndara zake, ile ya kulia ikaanza kulika ncha huku ya kushoto nzima. Nikamuuliza kama siku hizi anaburura mguu. Akasema ndara za siku hizi hazina maana. Baadaye mkono wa kulia ukaacha kwenda na mwendo, ukawa umening'inia tu kama mkono wa kanzu iliyoanikwa. Kisha hatua zikawa fupi, na siku moja, tukikata kona kwenda sokoni, akasimama. Hakujikwaa, hakuwa na kizunguzungu, wala hakulalamika maumivu. Alisimama akitetema magoti, mwili umeinama mbele, nyayo chini kana kwamba zimegandishwa kwa gundi. Nikamwambia twende. Akasema, "Nataka kwenda, Nasiha. Miguu haitaki."

Aliyemleta nyumbani siku ya mwisho ya kazi ni Benard, dereva wa lori, Mkamba mmoja mpole. Alisimama mlangoni kofia mkononi, hakuingia mpaka nilipomkaribisha mara ya pili. Akanieleza kwamba Muhdhar alikuwa akivuka uwanja wa bohari, lori jingine likirudi nyuma, naye akakwama katikati. Benard alishuka kwenye gari lake, akamnyanyua mzima mzima, akamtoa.

"Mama, mzee aliliona lile gari," akasema. "Si ati hakuliona. Aliniangalia machoni, mimi nikimpigia kelele atoke. Hakutoka."

Mkubwa wa bohari alimwambia akapumzike mpaka apone. Basi huko kupona ndiko tunakongojea.

Hospitali tulikwenda, asije mtu akasema hatukwenda. Alipigwa picha ya kichwa, ikatoka safi. Alipimwa damu, safi. Daktari wa kwanza alimgonga magoti kwa kinyundo, akamwambia afungue na kufunga vidole, akasema huenda ni mishipa ya fahamu. Wa pili akasema huenda ni mawazo, akaniuliza mimi, si yeye, kama nyumbani kuna amani. Wa tatu ndiye mtu wa maana, msikivu, na mpaka leo tunamwendea. Huyo alisema anashuku ugonjwa wa ubongo, upande unaoamuru viungo viende, akampa vidonge. Muhdhar alivimeza kwa utiifu wa mtoto wa chuo cha Kurani. Havikumsaidia kitu ila kumtapisha. Vikaongezwa, akazidi kutapika, na miguu ikabaki pale pale.

Wenye magonjwa yenye majina hawajui neema waliyo nayo. Mtu akikuuliza mumeo ana nini, ukajibu sukari au presha, atakupa pole, atakutajia dawa ya shangazi yake, atakwenda zake. Mimi nilijibu, "Wanashuku." Wanashuku nini? Hawajui. Basi mtu hunyamaza kidogo, akakutazama, na katika ule unyamavu huanza kujijibu mwenyewe.

Sasa sikiliza palipoanzia mambo. Nyumba yetu ni ya zamani, ya babu yake Muhdhar, ina ngazi za mawe na vizingiti vya mbao vilivyonyanyuka, huvuki mlango bila kuinua mguu. Muhdhar, huyu asiyeweza kutoka kitandani mpaka dirishani, alipanda zile ngazi kama kawaida. Akifika kizingitini aliinua mguu vizuri, akavuka. Baada ya hatua mbili, sakafuni peupe pasipo kitu, anakwama. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, kuna siku nilidhani anadeka.

Halafu likaja la msikiti. Jirani yetu Zaki ndiye aliyekuwa akimshika mkono kila sala kumpeleka, na njiani walikwama mara chungu nzima. Siku moja Zaki akaniletea habari kwa furaha, nia yake njema kabisa.

"Bi Nasiha, nikwambie ajabu? Ndani ya msikiti, mumeo yuwatembea kama bwana harusi. Nikimwata mkono mlangoni, hwenda mwenyewe mpaka safu ya mbele. Si mimi peke yangu, watu wote wameona."

Sikuweza kwenda kujionea. Msikiti wetu ni mdogo, hauna upande wa wanawake. Nilimuuliza Muhdhar, akasema ni kweli, na machoni mwake niliona nuru ambayo sikuwa nimeiona tangu aache kazi. "Labda ni sitara ya Mwenyezi Mungu," akasema. Nami nikasema alhamdulillahi, nikapika wali wa nazi.

Mwanabaraka hakupika chochote. Alikuja, akaketi, akavua ushungi, akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Msikitini mzima. Ngazini mzima. Akifika chumbani kwako agwama. Basi kitu ki wapi, kama hakiko kwako?"

Nilidhani anatania. Wifi huyu na mimi tumetaniana miaka mingi, na utani wetu hauna mipaka. Lakini hakucheka, na ndipo nikayakumbuka maneno ya harusini. Katika arusi ya mpwa wetu, wanawake tukiwa peke yetu tunaimba, mmoja alinichokoza kwamba Muhdhar anamwamkia kwa adabu nyingi mno mjane mmoja wa mtaa wa Kuze. Nikajibu, "Ajaribu! Ntamfunga miguu na kitanda!" Wote waliangua kicheko, na Mwanabaraka ndiye aliyecheka mpaka akashika mbavu. Kicheko chake alikwisha kukisahau, maneno yangu akayakumbuka.

Habari ikaenea kwamba mimi nimemfunga mume wangu asipate kuoa mwengine, na kwamba kifungo hakifanyi kazi ndani ya nyumba ya Mungu. Ilikuwa hesabu nzuri kwa kweli. Nami ningalimsikia mwanamke mwengine amesemwa hivyo, ningaliamini kabla chai haijapoa. Wanawake waliokuwa wakiniazima sufuria wakaanza kununua zao. Mmoja nilimpelekea mahamri Ramadhani, akayapokea kwa mikono miwili, na kesho yake nikawaona paka wa mtaa wanayala.

Kisha Mwanabaraka akamleta mtu anayejiita tabibu wa mambo ya siri, kutoka ng'ambo ya Likoni. Aliizunguka nyumba na chetezo cha ubani mpaka macho yakatutoka machozi, akasimama kwenye mlango wa chumba chetu cha kulala, akasema kitu kimezikwa hapo, chini ya kizingiti. Niliapa. Nilisema apasue nyumba nzima akitaka. Muhdhar aliketi kitandani, mikono magotini, akitazama bila kusema ndiyo wala la. Basi kizingiti kile cha mti wa msaji, alichokitia babu yake, kikang'olewa kwa mtaimbo. Chini yake kulikuwa na vumbi, kokwa ya tende, kifungo cha shati na msumari wenye kutu.

"Msumari!" akasema Mwanabaraka, mkono kifuani. "Mwauona?"

"Kizingiti kimepigiliwa misumari," nikamwambia. "Ulitaka ukute nini, halua?"

Hakuna aliyecheka. Yule tabibu aliufunga msumari katika kitambaa akaondoka nao, na shimo likazibwa kwa saruji, likalainishwa sawasawa na sakafu. Tangu siku hiyo Muhdhar hakuweza tena kuuvuka ule mlango. Alifika pale, akatetema, akashika mwimo wa mlango, na mimi nikamsukuma kwa nyuma ndipo apite. Watu wakasema kitu kimekasirishwa, na kwamba mwenye kukizika ameongeza nguvu. Hakuna aliyeutazama mlango wenyewe. Wengine tulitazama miguu yake, na waliobaki walinitazama mimi.

Nilistahimili, maana nilijua kwamba Muhdhar ananijua. Mji mzima uniite utakavyo, madhali yeye ananijua, basi.

Alasiri moja nilikuwa nimeketi chini nikimkata kucha za miguu, kwa vile mwenyewe hawezi tena kuinama. Dirisha lilikuwa wazi, watoto wa chuoni wakipita chini kwa kelele. Akaniita kwa sauti ya chini, bila kunitazama.

"Nasiha. Kama ni wewe, nifungue. Sitakuuliza kwa nini. Wala sitamwambia mtu."

Niliutupa mkasi ukagonga ukuta. Nikaenda jikoni, nikachambua mbaazi zilizokwisha kuchambuliwa, na machozi yakawa yananidondokea ndani ya ungo. Miaka yote hiyo, watoto tuliowazaa tukawaoza, wazazi wake niliowauguza mpaka nikawafumba macho, na leo naulizwa hivyo. Nilikasirika hasira ambayo sikujua kama ninayo. Nilitaka kurudi kwa mamangu siku ile ile, na kama mamangu angekuwa hai, ningekwenda.

Ilikuwa baadaye, mbaazi ziko motoni, ndipo uso wake ulinirudia. Haukuwa uso wa mtu anayeshitaki. Ulikuwa na tamaa. Alikuwa ananiomba. Kama ni mimi, basi liko fundo mahali fulani, na fundo lililofungwa na mkono wa mtu hufunguliwa na mkono wa mtu. Kama si mimi, kuna nini? Kuna picha safi na damu safi na vidonge vya kutapisha. Mume wangu alikuwa akitamani kwa moyo wake wote niwe mchawi. Na mimi nikiwa nimeshika mwiko pale, nilikaribia sana kwenda kumwambia ndiyo, ni mimi. Kilichonizuia ni kwamba kesho yake angengoja apone.

Kilichonisafisha ni zulia. Tajiri mmoja, mzaliwa wa hapa anayeishi ng'ambo, aliuletea msikiti zulia jipya, nene, kijani kitupu mwanzo hadi mwisho. Lile kuukuu jekundu, lenye mstari mweupe kwa kila safu, likakunjwa likapelekwa madrasa moja. Wazee wakasema mistari ya safu itatiwa baadaye, watu kwa sasa wajipange kwa kufuata nguzo. Ijumaa ile nilimvalisha Muhdhar kanzu yake nzuri, nikampaka mafuta ya uudi. Zaki akamchukua. Alipanda ngazi za msikiti mwenyewe, akavua ndara, akakanyaga zulia, akakwama.

Nyuma yake watu walikuwa wanaingia. Wakamsukuma kidogo, kwa adabu, wakijua yeye humo ndani huwa hana neno. Zaki akamvuta mkono. Alianguka kifudifudi, kofia ikamtoka, mbele ya Kibokoni nzima.

Walimrudisha amekamatwa huku na huku. Kipaji cha uso kilikuwa kimevimba. Nilipokuwa nikimkanda kwa maji ya moto, akasema, kana kwamba anazungumza na ukuta:

"Mistari haiko."

"Mistari gani?"

"Ya safu. Nalikuwa nikiinua mguu nikiikiuka mmoja mmoja. Mimi mwenyewe sikuyua kama naikiuka."

Nikabaki na kitambaa mkononi. Ngazi. Vizingiti. Ule mlango tulioulainisha kwa saruji. Yote yalikuwa mbele ya macho yetu.

Tulimweleza yule daktari wetu. Alitoa bandeji la gundi kwenye saraka, akapiga magoti ukumbini mbele ya wagonjwa wote, akabandika vipande vyeupe kukata njia, kimoja baada ya kingine mpaka mwisho. Akamwambia Muhdhar akiuke. Na Muhdhar akatembea. Kwa macho yangu mwenyewe, mara ya kwanza, nilimwona mume wangu anatembea kama walivyokuwa wakiniambia wanaume, mguu unainuka, mguu unatua, mpaka mlangoni. Wauguzi wakapiga makofi.

"Miguu yake haina ugonjwa," daktari akaniambia. "Amri ya kutembea ndiyo haitoki vizuri kichwani. Anapoona kitu cha kukiuka, ubongo hupata njia nyingine."

"Basi sasa mumejua ni ugonjwa gani?"

"Tunaendelea kushuku, mama. Ile dawa ambayo ingemsaidia haikumsaidia, na hiyo si ishara njema. Jina kamili sina."

"Atapona?"

Alilitazama bandeji lililobaki mkononi mwake. "Mistari itamsaidia kwa muda," akasema.

Nilinunua utepe mweupe wa gundi, nikabandika nyumba nzima. Kutoka kitandani mpaka chooni, kutoka chooni mpaka kitini, na pale palipokuwa na kizingiti nikabandika mitatu, minene. Sakafu ilijaa mistari kama mkeka wa kuchezea watoto. Muhdhar akavuka mlango wake bila kusukumwa. Mwanabaraka aliitwa, akaja, akaona. Alikaa chini pale pale kwenye saruji, akalia kwa sauti, akanishika miguu.

"Nipe radhi, wifi yangu. Nakuomba radhi mbele ya Mngu."

"Nimekupa," nikamwambia, na nilimpa kweli, wala sikuhisi chochote. Wanawake wa mtaa walianza kurudi na sahani zao zilizofunikwa. Sufuria zangu zikaazimwa tena. Kila aliyeingia aliniambia haki haipotei, nami nikaitikia.

Muhdhar alikuwa ameketi kitini, anaitazama sakafu. Wageni walipokwisha kutoka akasema:

"Basi hukuwa wewe."

"Sikuwa mimi."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Akatikisa kichwa polepole. Nimewahi kupeleka habari za msiba katika nyumba za watu, najua uso wa mtu anayezipokea ulivyo. Sikudhani nitauona kwa mume wangu, siku ya kuhakikisha kwamba mkewe hakumroga.

Msikitini walitia utepe kwenye lile zulia, kwa ajili yake na kwa ajili ya safu. Alikwenda, akakiuka, akafika mbele, ikawa hivyo kwa kitambo. Kisha akawa anahitaji kuutazama kila mstari kwa muda mrefu kabla ya kuukiuka, mpaka imamu anakaribia kurukuu naye hajafika. Kisha akaanza kuukanyaga badala ya kuukiuka. Kisha akaanguka tena. Sasa anasali nyumbani, kitini. Sauti nayo imeshuka, lazima nimwekee sikio mdomoni, na maji akinywa humpalia. Daktari huyaandika haya yote, anaendelea kushuku.

Juzi asubuhi nilikuwa namtoa chumbani. Tukafika pale mlangoni, kwenye mistari yangu mitatu, ambayo nimeibandika upya mara nyingi hata saruji imeshika weusi wa gundi. Akasimama. Nikamwambia akiuke. Akautazama mstari wa kwanza, nami nikautazama, tukangoja. Magoti yalitetema, nyayo hazikwenda. Nikaweka sikio mdomoni kwake kwa sababu niliona midomo inacheza.

"Nasiha," akasema. "Nifungue."

Akili yake ni nzima. Alijua anachokisema, na alijua kwamba nami ninajua. Sikumkumbusha kiapo changu. Nilipiga magoti juu ya ile saruji, nikaushika mguu wake wa kulia, penye kifundo, nikafanya kama ninayefungua kamba iliyokazwa sana, kwa kucha, taratibu. Nikahamia wa kushoto, nao nikaufungua. Nikasema bismillahi, nimekufungua, bwana wangu, na kama nilikukosea nisamehe.

Kisha nikainuka, nikasogea pembeni kumpisha. Alikuwa anaitazama miguu yake. Tulisimama pale sote wawili tukingoja, mpaka chai jikoni ikachemka, ikafurika, ikazima moto.